Msema kweli ni mpenzi wa mfuko wake: miezi minane na huduma ya mizigo kutoka Mwanza

Nina duka dogo la taa za sola na betri za kuvulia dagaa hapa Kirumba, mwendo wa dakika chache kutoka mwaloni, na wateja wangu wengi hawaishi mjini. Wako Nansio kisiwani Ukerewe, wako Sengerema ng'ambo ya ghuba, na wachache wako kisiwa cha Ukara. Na wanachokihitaji kwangu wanakihitaji kabla giza halijaingia, kwa sababu dagaa hufuata taa usiku usio na mwezi, na mbalamwezi ikishakolea wavuvi hupumzika wakashona nyavu. Katoni ya taa inayofika giza limekwisha inaweza kuwa nzima, haina hata mkwaruzo, lakini mvuvi hana kazi nayo hadi mwezi ufifie tena.

Kwa miaka kadhaa nilisafirisha kwa namna anayoijua kila mwenye duka wa hapa. Unampigia simu mtu wa bodaboda, anakutajia bei ya kuruka, mnavutana hadi mnakutana katikati. Ukifika gatini unaanza upya na mtu wa boti, ambaye ameshaona kwamba mzigo umefika na huna pa kurudi nao. Na ng'ambo, mwenye pikipiki anadai cha juu kwa mteja wako kabla hajamkabidhi katoni. Kila mmoja anaijua gharama yake halisi na hakuna anayeitaja. Simlaumu mtu, kwa kuwa ni riziki, na hata mimi mteja akiniuliza betri nimeinunua kwa kiasi gani huwa natabasamu tu. Ila gharama ya safari nzima haikuwahi kujulikana kabla safari yenyewe haijakwisha.

Tangu Machi 2025 nimekuwa nikitumia huduma ya vijana watatu waliokodi chumba kimoja ghorofani karibu na Makoroboi, hapa hapa mjini Mwanza. Siitaji kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na wao bado wanajijenga. Hawana boti, hawana gari, hawana hata pikipiki moja. Kazi yao ni kuunganisha vipande vya njia vinavyomilikiwa na watu mbalimbali hadi mzigo umfikie mwenyewe. Kila mbebaji aliyesajiliwa hutuma kwa simu, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kiasi cha chini kabisa atakachokubali kwa kipande chake siku hiyo, wala hakuna anayeona alichotuma mwenzake. Programu yao hutafuta mfululizo wa vipande wenye jumla ndogo kuliko mingine yote, kisha bili inakuja kwenye simu yangu. Nikiikubali nalipa, na pesa hukaa ofisini hadi mteja athibitishe kuwa amepokea. Wao wenyewe huchukua ada ya shilingi 1,000 kwa katoni, ambayo haipandi hata bili ikipanda, na hapo walifikiri vizuri, maana kama wangechukua asilimia wangekuwa na sababu ya kuitamani bili kubwa.

Jambo linaloitofautisha huduma hii na dalali wa kawaida ni hili: mbebaji halipwi alichokitaja. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni ujanja wa kuwapunja. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka, na ndiyo maana watu wa gatini huniita Mwalimu hadi leo, kwa hiyo nilikaa na risiti yangu ya kwanza ya Nansio na kalamu mkononi hadi nikaielewa.

Siku hiyo njia ya ziwani ilikuwa na vipande vitatu: bodaboda kutoka dukani hadi gatini aliyetaja shilingi 3,000, boti hadi Nansio aliyetaja 8,000, na pikipiki ya kule aliyetaja 2,000, jumla 13,000. Njia ya pili ilikuwa ya nchi kavu, ile inayozunguka kupitia Bunda, inavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi na kuingia Nansio kwa upande wa pili, na jumla yake ilikuwa 18,000 hadi mlangoni kwa mteja. Programu ilichagua ziwa, kama ambavyo mtu yeyote angechagua. Lakini malipo yalikuwa hivi: bodaboda alipata 3,500, boti 9,500, na pikipiki ya Nansio 7,000. Jumla shilingi 20,000, nje ya ada, kwa safari ambayo wabebaji wenyewe wamekiri kwamba wangeifanya kwa 13,000!

Kanuni yake ni swali moja linaloulizwa kwa kila mbebaji: kama wewe usingekuwapo leo, safari hii ingegharimu kiasi gani? Tofauti kati ya jumla hiyo na jumla ya sasa ndiyo nyongeza yako juu ya ulichotaja. Bodaboda wa kwanza asingekuwapo, mwenzake aliyetaja 3,500 angechukua nafasi yake, kwa hiyo nyongeza ni 500. Boti lisingekuwapo, lilikuwapo jingine la 9,500, kwa hiyo nyongeza ni 1,500. Pikipiki ya Nansio ilikuwa moja tu iliyosajiliwa. Isingekuwapo, mzigo ungelazimika kuzunguka Bunda kwa 18,000, kwa hiyo kijana yule alipata 2,000 yake na nyongeza ya 5,000, yaani 7,000 kwa mwendo ambao mtu mwenye afya anaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kabla sijaeleza ninavyoionea huruma pochi yangu, ni haki nieleze kwa nini kanuni hii inafanya kazi, kwa sababu inafanya kazi kweli. Mtazame mwenye boti ambaye gharama yake halisi ni 8,000 huku mwenzake akiwa amesimama kwenye 9,500. Akitaja 8,000 anapata 9,500. Akitaja 9,000 bado anapata 9,500, hajaongeza hata senti. Akitaja 10,000 anaachwa, na mwenzake anaondoka na mzigo. Akijishusha hadi 6,000 anapata ile ile 9,500. Na kama gharama yake halisi ni 10,000 lakini akaongopa kwa kutaja 9,000 ili apate kazi, atalipwa 9,500 na kurudi nyumbani na hasara ya 500. Kwa kila upande atakaogeukia, uongo ama haumsaidii au unamuumiza, hata akiwa ni mtu asiyemjali yeyote ila tumbo lake. Nahodha mmoja ninayemfahamu tangu enzi za karabai alinieleza jambo hilo hilo bila kalamu wala karatasi, baada ya salamu.

“Mwalimu, zamani nilikuwa nakwambia elfu kumi na mbili ili unishushe hadi tisa,” alisema. “Hawa vijana nikiwaambia kumi na mbili hawanishushi. Wananiacha tu nimesimama.”

Wazo lenyewe halikuzaliwa Makoroboi. Mwanauchumi William Vickrey aliliandika mwaka 1961 kuhusu minada ya bahasha zilizofungwa, ambapo mshindi analipa bei iliyotajwa na aliyemfuata. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996 pamoja na James Mirrlees, akafariki siku tatu baada ya tuzo kutangazwa. Edward Clarke mwaka 1971 na Theodore Groves mwaka 1973 walilipanua hadi likaweza kutumika mahali ambapo kinachochaguliwa ni mkusanyiko wa mambo mengi na si kitu kimoja. Mwaka 1999 Noam Nisan na Amir Ronen waliliingiza katika sayansi ya kompyuta, na mfano mmoja walioutumia ni huu huu wa njia fupi katika mtandao ambao kila kipande kina mwenyewe anayetafuta faida yake. Wao walikuwa wakifikiria intaneti, ambamo ujumbe unaotoka Mwanza kwenda kwingineko hupita katika nyaya na mitambo ya kampuni nyingi zisizo na udugu. Mwaka 2002 Joan Feigenbaum na wenzake wakaonyesha kwamba malipo ya namna hii yanaweza kukokotolewa na mitambo yenyewe ya kuelekeza njia za intaneti, kwa kuongeza habari kidogo katika zile ambazo mitambo hiyo hupashana kila siku. Ukiondoa nyaya ukaweka boti na bodaboda, hesabu haibadiliki.

Sasa malalamiko. Anayelipia ukweli huu ni mimi. Angalia tena risiti: 20,000 ni kubwa kuliko hata ile 18,000 ya kuzunguka Bunda, maana yake nimelipa kwa njia nafuu zaidi ya jumla iliyotajwa kwa njia ghali. Mara ya kwanza niliamini ni kosa la programu na nikapanda ngazi hadi ofisini nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Kijana niliyemkuta aliniamkia, akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba si kosa. Kila mbebaji anapimwa peke yake, na njia ikiwa na vipande vitatu visivyo na mbadala ila ile njia nyingine nzima, kila kimoja kinadai tofauti ile ile kwa ukamilifu wake. Kama siku ile bodaboda na boti nao wangekuwa hawana wenzao, wote watatu wangeongezewa 5,000 na bili ingekuwa 28,000. Baadaye nilijiridhisha kwamba jambo hili linajulikana tangu zamani: Aaron Archer na Éva Tardos walionyesha mwaka 2002 kwamba kulipa kupita kiasi si ugonjwa wa kanuni hii peke yake, bali unalipata kundi pana la taratibu zinazomfanya mwenye kipande aseme kweli. Kijana alikuwa mkweli, na nilimheshimu kwa hilo, lakini ukweli wake haukunirudishia pesa. Ninachowalaumu hadi leo ni kwamba tangazo lao linasema “njia nafuu kuliko zote”, jambo ambalo ni sahihi kwa gharama za wabebaji na si sahihi kwa bili ya mteja, na mteja wa kawaida hawezi kujua tofauti.

Dawa ya tatizo hilo ni wingi wa watu. Mwezi Juni mwenye pikipiki wa pili alijisajili Nansio, akataja 2,500. Siku hiyo hiyo nyongeza ya yule wa kwanza ikaporomoka kutoka 5,000 hadi 500, na bili yangu ya Nansio ikashuka kutoka 20,000 hadi 15,500 bila mtu yeyote kupunguza bei aliyoitaja.

Njia ya Sengerema ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa kuwa huko serikali ilifanya kile ambacho pikipiki ya pili ilikifanya Nansio. Nilipoanza, mzigo wa Sengerema ulivuka maji kwa kivuko, ama Kigongo hadi Busisi au kwa upande wa Kamanga, na msururu wa magari ulikuwa sehemu ya bei ya kila mtu. Risiti yangu ya Mei inaonyesha aliyechaguliwa alitaja 8,000 na aliyemfuata, wa Kamanga, 11,000, nikalipa 11,000. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa, takribani kilomita 3 za lami juu ya maji, na msururu ukaisha. Wiki chache baadaye wenye magari madogo wanne walikuwa wamejisajili kwa kipande hicho. Risiti ya Agosti: wa kwanza 6,500, wa pili 7,500, nikalipa 7,500. Ukitazama kwa makini utaona mambo mawili yametokea kwa pamoja. Gharama halisi imeshuka kwa 1,500, ambayo ni kazi ya daraja lenyewe; na nyongeza imeshuka kutoka 3,000 hadi 1,000, ambayo ni kazi ya kuwa na wenzako wengi barabarani. Kwa dalali wa kawaida ninaamini faida ya daraja ingechukua mwaka kunifikia, kama ingefika.

Je, wabebaji hawawezi kula njama? Wanaweza, na nadhani wamekwisha kujaribu. Mwezi Julai, kwa muda wa wiki mbili, boti la pili la Nansio, ambalo siku zote lilikuwa kwenye 9,500, lilianza kutaja 12,000, na la kwanza likawa linalipwa 12,000 badala ya 9,500. Ni vigumu kuamini kwamba ile 2,500 ya ziada haikugawanywa mahali fulani mwaloni jioni. Kanuni inamlinda mteja dhidi ya mwongo mmoja na haimlindi dhidi ya wawili waliokaa kikao. Hata hivyo njia ya Bunda iliwawekea dari: hata la pili lingetaja milioni, la kwanza lisingepata zaidi ya 13,000, kwa sababu juu ya hapo mzigo ungepanda basi. Ujanja mwingine ni wa mtu mmoja kujifanya wawili. Yule wa pikipiki ya Nansio, wakati alipokuwa peke yake, angeweza kusajili gati hadi sokoni kwa jina lake na sokoni hadi kwa mteja kwa jina la shemeji yake, kila kipande kwa 1,000, na angezoa 6,000 mara mbili badala ya 7,000 mara moja. Ofisi inadai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na namba ya usajili ya chombo, na inakataa kugawa kipande kifupi, nami naona wamefanya vyema.

Kasoro iliyonigharimu kuliko zote haikuhusu bei. Agosti, siku tano kabla ya giza, nilituma katoni mbili Nansio. Boti lililoshinda lilikuwa nafuu kweli, na mwenyewe alisema kweli kuhusu gharama yake. Alichofanya ni kusubiri lijae. Lilisubiri siku hiyo, likasubiri siku ya pili na zilizofuata, na katoni zangu zilifika giza likiwa limeanza na mteja akiwa amenunua taa kwa mtu mwingine. Utaratibu ulimuuliza nahodha swali moja, nalo akalijibu kwa uaminifu. Saa ya kufika hakuulizwa kabisa. Nilipolalamika walinirudishia ada yao ya shilingi 1,000 kwa kila katoni, ambayo niliipokea bila furaha. Mwezi Oktoba walianza, kwa njia ya Nansio pekee, kumtaka kila mbebaji ataje pia muda, na kutokokotoa nyongeza yake hadi mteja athibitishe; akichelewa, malipo yanakokotolewa kwa muda alioutumia kweli na si alioutaja. Nisan na Ronen walikuwa wameligusa hili pia, kwamba mwenye kupanga kazi akiweza kuiona kazi ilivyofanyika kabla ya kulipa, anaweza kudai ukweli mwingi zaidi. Katika mizigo yangu minne tangu hapo hakuna uliochelewa, ingawa mizigo minne ni michache mno kwa mwalimu wa hisabati kutoa hukumu.

Ukara sipendekezi kabisa kwa sasa. Kipande cha mwisho, kutoka Ukerewe hadi Ukara, kina mbebaji mmoja tu katika orodha yao, na ukimuuliza yeye lile swali la kama usingekuwapo, jibu ni kwamba mzigo usingefika, yaani nyongeza yake haina mwisho. Ofisi imeweka bei ya ukomo ya 10,000: akitaja chini ya hapo analipwa 10,000 kamili, akitaja juu mzigo haukubaliwi. Kwa kanuni bado hana sababu ya kudanganya, lakini siku mafuta yalipopanda alitaja 11,000, bila shaka kwa ukweli mtupu, na katoni yangu ikalala Makoroboi. Kwa Ukara naendelea kumpigia simu nahodha mwenyewe, tunavutana kama zamani, naye hunifikishia.

Kwa anayetaka kuijaribu: Sengerema ninaipa nyota tano, Nansio nne, Ukara moja. Soma mchanganuo wa bili kabla ya kukubali, kwa kuwa wanautoa wote bila kuficha, na utafute mstari ambao nyongeza ni kubwa kuliko bei iliyotajwa. Hapo ndipo penye mtu aliye peke yake. Kwa mzigo usio na haraka unaweza kukataa na kungoja kesho, bei hubadilika kila asubuhi. Ofisi iko wazi hadi saa kumi na moja jioni, ngazi ni mwinuko na hakuna pa kushika.

Wiki iliyopita yule kijana wa pikipiki wa kwanza wa Nansio alinipigia. Aliniamkia, akauliza hali ya duka, akauliza hali ya wanangu, kisha akanyamaza kidogo.

“Mwalimu, samahani. Yule mwenzangu wa pili, aliyejisajili mwezi wa sita. Ni wewe uliyemleta?”

Nikamwambia ndiyo, ni mtoto wa jirani ya dada yangu, na pikipiki yake nilimkopesha nusu ya bei.